Pembetatu mraba maalumu: istilahi zake na namna ya kutafuta urefu wa pande

Pembetatu mraba maalumu (nomino, ngeli ya I-ZI) ni pembetatu yenye pembe moja ya nyuzi 90, ambayo pembe zake mbili zilizobaki ni ama nyuzi 45 na 45, ama nyuzi 30 na 60. Huitwa maalumu kwa sababu uwiano wa pande zake haubadiliki, pembetatu iwe ndogo kama kucha au kubwa kama paa la nyumba. Anayejua urefu wa upande mmoja tu anaweza kupata urefu wa pande nyingine mbili bila kupima tena na bila kufungua jedwali la trigonometria.

Wanafunzi wengi wanazimiliki pembetatu hizi bila kuzitambua. Ndani ya mkebe wa vifaa vya hisabati, pamoja na bikari, rula na kipimapembe, mna vipande viwili vya plastiki vyenye umbo la pembetatu. Kimoja kina pembe za nyuzi 45, 45 na 90. Cha pili kina pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Hizo ndizo pembetatu zinazoelezwa hapa.

Hesabu yake ni fupi, lakini ina sharti moja: upande unaojulikana lazima utajwe kwa jina lake sahihi. Makosa mengi katika mada hii hayatoki kwenye kuzidisha wala kugawanya. Hutoka kwenye sentensi iliyotangulia hesabu, pale upande mmoja ulipoitwa kwa jina la mwingine. Kwa sababu hiyo makala haya yanaanza na istilahi, kisha yanaonyesha chanzo cha kila uwiano, na baadaye yanatoa mifano na tahadhari za matumizi.

Istilahi za msingi

*Mraba.* Neno hili lina kazi tatu katika hisabati. Kwanza, ni jina la umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe nne za nyuzi 90. Pili, huieleza pembe, kama katika *pembe mraba*, yaani pembe ya nyuzi 90. Tatu, hutumika katika vizio vya eneo: *mita za mraba*. Katika *pembetatu mraba*, maana inayokusudiwa ni ile ya pili: pembetatu yenye pembe mraba. Inafaa kuepuka *pembetatu ya mraba*, kwa kuwa -a unganifu inaweza kumfanya msomaji afikirie pembetatu iliyokatwa kutoka kwenye mraba. Maelezo hayo yanaifaa pembetatu ya nyuzi 45 peke yake, si kila pembetatu mraba.

*Upande* (wingi: *pande*). Pembetatu ina *pande tatu*. Umbo *mapande* halifai hapa, kwani hutaja vipande vikubwa vya kitu, kama mapande ya nyama. Neno *urefu* halihitaji wingi: huandikwa *urefu wa pande mbili*.

*Hipotenusi* (I-ZI, katika baadhi ya maandishi huonekana umbo *haipotenusi*). Ni upande unaoelekeana na pembe mraba, nao daima ndio mrefu kuliko pande zote za pembetatu mraba. Mwalimu anayeona kuwa neno hili ni geni kwa wanafunzi wake anaweza kuanza na maelezo hayohayo, *upande unaoelekeana na pembe mraba*, kisha akalileta jina baadaye.

*Kuelekeana na* na *kupakana na*. Upande *unaoelekeana* na pembe ni ule ulio mbele ya pembe hiyo, usioigusa. Upande *unaopakana* na pembe ni mmoja wa mikono miwili inayoiunda. Tofauti hii ndiyo mhimili wa mada nzima. Kila pembe ina upande mmoja tu unaoelekeana nayo, lakini ina pande mbili zinazopakana nayo. Hivyo, kuutaja upande kwa pembe inayoelekeana nao ni kuutaja bila shaka yoyote.

*Kipeo* na *kipeuo*. Maneno haya yanakaribiana kwa sauti na kwa herufi, lakini yanakwenda pande tofauti. Katika 5², namba ndogo iliyoandikwa juu ni *kipeo*. 5 kwa kipeo cha pili ni 25. *Kipeuo cha pili* cha 25 ni 5, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 25. Alama yake ni √.

*Ulalo.* Ni mstari ulionyooka unaounganisha kona mbili za umbo zisizo jirani. Mraba una milalo miwili iliyo sawa. Pembetatu haina ulalo, kwa sababu kila kona yake ni jirani ya nyingine. Kuiita hipotenusi "ulalo wa pembetatu" ni kosa, ingawa ulalo wa mraba hugeuka kuwa hipotenusi mara mraba unapokatwa.

*Pembetatu pacha* ina pande mbili zilizo sawa. *Pembetatu sawa* ina pande zote tatu zilizo sawa, na kila pembe yake ni nyuzi 60.

Pembetatu ya 45–45–90: nusu ya mraba

Chukua mraba wenye upande wa urefu a, ukate kwenye ulalo. Kila nusu ni pembetatu yenye pembe moja ya nyuzi 90 iliyobaki nzima, na pembe mbili za nyuzi 45 zilizotokana na kugawanywa kwa pembe mraba mbili. Pande mbili fupi zina urefu uleule, a, kwa hiyo pembetatu hii ni mraba na ni pacha kwa wakati mmoja.

Kanuni ya Pythagoras inasema kwamba katika pembetatu mraba, hipotenusi kwa kipeo cha pili ni sawa na jumla ya pande mbili nyingine, kila mmoja kwa kipeo cha pili. Hapa:

a² + a² = 2a²

Hivyo hipotenusi ni a√2, na uwiano wa pande ni 1 : 1 : √2. Kipeuo cha pili cha 2 ni takribani 1.414.

Kutokana na uwiano huo kuna kanuni mbili tu:

- Upande mfupi ukijulikana, zidisha kwa √2 kupata hipotenusi.
- Hipotenusi ikijulikana, gawanya kwa √2 kupata kila upande mfupi.

Ugunduzi huu ni wa kale. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimehifadhiwa kibao cha udongo cha Babeli kinachotambulika kwa namba YBC 7289, ambacho kwa kawaida huwekwa kati ya miaka 1800 na 1600 KK. Juu yake umechorwa mraba pamoja na milalo yake. Pembeni pameandikwa 30, ambao ndio urefu wa upande, na kwenye ulalo pameandikwa thamani ya √2 kwa mfumo wa sitini: 1, 24, 51, 10. Kwa desimali hiyo ni takribani 1.414213, iliyo sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Chini yake upo urefu wa ulalo wenyewe, 42, 25, 35, yaani takribani 42.426. Aliyeandika kibao hicho alitangulia kuzaliwa kwa Pythagoras kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Karatasi ya kawaida ya A4 hutoa ushahidi ambao mwanafunzi anaweza kuushika kwa mikono yake. Upana wake ni milimita 210 na urefu wake ni milimita 297. Kunja kona moja ili ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu. Alama ya mkunjo ni ulalo wa mraba wenye upande wa milimita 210, kwa hiyo urefu wake ni 210√2, takribani milimita 296.98. Weka mkunjo huo kando ya ukingo mrefu wa karatasi nyingine ya A4: vitalingana. Hilo halikutokea kwa bahati. Karatasi za mfululizo wa A zimepangwa kwa uwiano wa 1 kwa √2 ili kila moja ikikatwa nusu ibaki na umbo lilelile, A4 ikizaa A5 mbili.

Pembetatu ya 30–60–90: nusu ya pembetatu sawa

Chukua pembetatu sawa yenye pande za urefu 2a. Chora mstari kutoka kona ya juu hadi katikati ya kitako. Mstari huo hukigusa kitako kwa pembe mraba, huigawa pembe ya juu ya nyuzi 60 kuwa mbili za nyuzi 30, na hukigawa kitako chenye urefu wa 2a kuwa vipande viwili vya a. Kila nusu ni pembetatu yenye pembe za nyuzi 30, 60 na 90.

Hipotenusi ni ule upande wa awali, 2a. Upande mfupi ni nusu ya kitako, a. Upande uliobaki hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras:

(2a)² − a² = 4a² − a² = 3a²

Kwa hiyo urefu wake ni a√3. Uwiano wa pande ni 1 : √3 : 2, na √3 ni takribani 1.732.

Tofauti na pembetatu iliyotangulia, hapa pande tatu zina urefu tofauti, na kila mmoja unahitaji jina lake. Majina yanayofaa ni haya:

- *upande mfupi*, unaoelekeana na pembe ya nyuzi 30: a
- *upande wa kati*, unaoelekeana na pembe ya nyuzi 60: a√3
- *hipotenusi*, inayoelekeana na pembe ya nyuzi 90: 2a

Mpangilio huu ni rahisi kukumbuka: pembe ndogo huelekeana na upande mdogo, na pembe kubwa huelekeana na upande mkubwa. Upande mfupi ndio mlango wa kuingilia kwenye pande nyingine:

- Upande mfupi ukijulikana, zidisha kwa 2 kupata hipotenusi, na kwa √3 kupata upande wa kati.
- Hipotenusi ikijulikana, gawanya kwa 2 kupata upande mfupi, kisha zidisha kwa √3 kupata upande wa kati.
- Upande wa kati ukijulikana, gawanya kwa √3 kupata upande mfupi, kisha zidisha kwa 2 kupata hipotenusi.

Hatua za kufuata

1. Chora pembetatu na uandike pembe zote tatu, hata kama swali limetaja mbili tu.
2. Tafuta upande unaojulikana na uulize: unaelekeana na pembe ipi?
3. Upe jina kwa mujibu wa pembe hiyo: mfupi, wa kati au hipotenusi.
4. Tafuta upande mfupi kwanza, ikiwa haujatolewa. Kisha endelea na mingine.
5. Hakiki: hipotenusi lazima iwe ndefu kuliko zote, na upande wa kati lazima uwe mrefu kuliko ule mfupi.

Mifano mitatu

*Chumba cha mraba.* Fundi anapanga msingi wa chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 3. Pande zote nne zimepimwa na ni sahihi. Hilo halitoshi, kwa sababu umbo lenye pande nne za mita 3 linaweza kuinama upande mmoja bila upande wowote kubadilika urefu. Kinachoonyesha ukweli ni ulalo. Chumba kikiwa mraba halisi, ulalo utakuwa 3√2, takribani mita 4.24. Futikamba ikionyesha mita 4.30 kwenye ulalo mmoja, wa pili utakuwa mfupi kuliko mita 4.24, na kona si pembe mraba. Ni nafuu kuligundua hilo wakati bado kuna kamba na vigingi kuliko baada ya kujenga matofali.

*Paa la nyuzi 30.* Nyumba ina upana wa mita 6, na paa lake linainuka kwa nyuzi 30 kila upande hadi kukutana katikati. Inatafutwa mbao ya mshazari ya kenchi, kutoka ukutani hadi kileleni, bila kuhesabu sehemu inayochomoza nje ya ukuta.

Nusu ya upana ni mita 3. Pembe iliyo ukutani ni nyuzi 30, kwa hiyo pembe ya kileleni katika nusu hiyo ya kenchi ni nyuzi 60. Zile mita 3 zinaelekeana na pembe ya kileleni. Ni upande wa kati. Kwa hiyo:

upande mfupi (kimo cha paa) = 3 ÷ √3 = √3, takribani mita 1.73

hipotenusi (mbao ya mshazari) = 2√3, takribani mita 3.46

Anayezichukua mita 3 kuwa upande mfupi, pengine kwa kuwa ameona ndizo kitako, atapata mbao ya mita 6 na kimo cha mita 5.20. Hesabu yake haina kosa la kuzidisha. Vipimo hivyo ni vya paa la nyuzi 60, lenye mwinuko ambao mwenye nyumba hakuuomba, na gharama ya mbao imekaribia kuongezeka maradufu.

*Nati na spana.* Spana namba 17 hushika nati ambayo umbali kati ya nyuso zake mbili zinazotazamana ni milimita 17. Nati ina pande sita zilizo sawa. Mistari kutoka katikati hadi kona zake huigawa kuwa pembetatu sawa sita, na kila moja ya hizo ikikatwa nusu hutoa pembetatu ya nyuzi 30, 60 na 90. Umbali kutoka katikati hadi uso ni nusu ya 17, yaani milimita 8.5, nao ni upande wa kati. Upande mfupi ni 8.5 ÷ √3, takribani milimita 4.91. Hipotenusi, yaani umbali kutoka katikati hadi kona, ni takribani milimita 9.81. Umbali kutoka kona hadi kona inayoelekeana nayo ni mara mbili ya huo, takribani milimita 19.63. Kwa hiyo nati yenye kona kali haitazunguka ndani ya tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 19, ingawa spana yake ni ya 17.

Maneno yanayopotosha jibu

*Kitako na kimo.* Maneno haya huonyesha jinsi mchoro ulivyowekwa, si jinsi pande zinavyohusiana na pembe. Katika paa la nyuzi 30 kimo ni upande mfupi. Katika ngazi iliyoegemezwa ukutani kwa nyuzi 60 kutoka ardhini, kimo ni upande wa kati. Mwalimu anayefundisha kwamba "kimo ni a√3" anatoa kanuni itakayoanguka mara pembetatu itakapogeuzwa. Inafaa kusema: *upande unaoelekeana na pembe ya nyuzi 60 ni mara √3 ya upande mfupi.*

*Mara mbili.* Sentensi "hipotenusi inauzidi upande mfupi kwa mara mbili" ina utata. Msomaji mmoja ataelewa kuwa hipotenusi ni 2a. Mwingine atajumlisha ziada ya mara mbili juu ya urefu wa kwanza na kupata 3a. Sentensi isiyo na utata ni: *hipotenusi ni mara mbili ya upande mfupi.*

Aidha, *mara mbili* isichanganywe na *kipeo cha pili*. Mara mbili ya 5 ni 10. 5 kwa kipeo cha pili ni 25. Kosa hili hujificha katika namba 2, ambako njia zote mbili huleta 4, kisha hujitokeza katika namba inayofuata. Mfano wa darasani usitumie 2.

*Mpangilio wa maneno katika kusoma kipeuo.* Maandishi 3√2 yana maana moja, lakini yakisomwa "kipeuo cha pili cha 2 mara 3" msikilizaji anaweza kuandika √(2 × 3), yaani √6. Thamani ya kwanza ni takribani 4.24 na ya pili ni takribani 2.45. Mwalimu anayesomea darasa, na mfasiri anayegeuza alama kuwa maneno, watangulize namba iliyo nje ya alama: *3 mara kipeuo cha pili cha 2.*

*Kufanana na kuwa sawa.* Pembetatu zote za nyuzi 30, 60 na 90 *zinafanana*: zina pembe zilezile na uwiano uleule wa pande. Si zote zilizo *sawa*, kwa kuwa urefu wa pande unaweza kutofautiana. Kanuni za makala haya zinafanya kazi kwa sababu ya kufanana, na hazihitaji usawa.

*Tatu, nne, tano.* Mafundi wengi huhakiki kona kwa kupima vizio 3 upande mmoja, vizio 4 upande wa pili, na kutazama kama umbali kati ya alama hizo ni vizio 5. Njia hiyo ni sahihi, kwa kuwa 9 + 16 = 25, na pembetatu hiyo ni pembetatu mraba. Hata hivyo pembe zake nyingine ni takribani nyuzi 36.87 na 53.13. Haimo katika kundi la pembetatu mraba maalumu zinazotajwa kwa pembe, na kanuni za √2 na √3 hazitumiki kwake.

Kipeuo ndani ya asili, na kadirio

Sehemu yenye √2 au √3 katika asili, yaani chini ya mstari, ni sahihi, lakini ni vigumu kuikadiria kwa kichwa. Desturi ni kuzidisha kiasi na asili kwa kipeuo hichohicho. Hipotenusi ikiwa 10 katika pembetatu ya nyuzi 45:

10/√2 = 10√2/2 = 5√2, takribani 7.07

Thamani haikubadilika; umbo la maandishi ndilo lililobadilika. Mwanafunzi anayeona 10/√2 katika jibu lake na 5√2 katika kitabu asidhani kuwa amekosea.

Kipeuo kibaki katika umbo lake hadi hatua ya mwisho, kwa sababu tarakimu za desimali za √2 na √3 hazina mwisho wala hazijirudii kwa mpangilio. Anayetumia 1.4 badala ya √2 kutafuta ulalo wa kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 20 atapata mita 28.00, ilhali urefu sahihi ni takribani mita 28.28. Upungufu huo wa sentimita 28 unatosha kufanya waya usifike kwenye nguzo. Jibu la kadirio litanguliwe na neno *takribani*. Neno *ni* peke yake liachiwe jibu kamili, kama 20√2.

Mazoezi mafupi

1. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani na inafanya pembe ya nyuzi 60 na ardhi. Tafuta umbali kutoka ukutani hadi mguu wa ngazi, na kimo inachofikia ukutani.
2. Ulalo wa mraba ni sentimita 18. Tafuta urefu wa upande wake.
3. Kimo cha pembetatu sawa ni sentimita 12. Tafuta urefu wa upande wake.
4. Waya umefungwa kwenye ncha ya mlingoti wa bendera wenye urefu wa mita 8, nao umekita ardhini kwa nyuzi 45. Tafuta urefu wa waya.

*Majibu.* (1) Ngazi ni hipotenusi. Umbali wa mguu unaelekeana na pembe ya nyuzi 30, kwa hiyo ni upande mfupi: mita 2.5. Kimo ni 2.5√3, takribani mita 4.33. (2) 18/√2 = 9√2, takribani sentimita 12.73. (3) Kimo ni upande wa kati; upande mfupi ni 12/√3 = 4√3, na upande wa pembetatu sawa ni hipotenusi, 8√3, takribani sentimita 13.86. (4) Mlingoti ni upande mfupi na waya ni hipotenusi: 8√2, takribani mita 11.31.

Kwa ufupi

Pembetatu ya nyuzi 45 ni nusu ya mraba, na pande zake zina uwiano wa 1 : 1 : √2. Pembetatu ya nyuzi 30 na 60 ni nusu ya pembetatu sawa, na pande zake zina uwiano wa 1 : √3 : 2. Anayesahau uwiano anaweza kuuunda upya kwa kuchora umbo zima na kulikata. Kisichoweza kuundwa upya ni jina la upande lililokosewa katika swali au katika tafsiri, kwa kuwa hesabu itakayofuata itakuwa safi na jibu litakuwa la pembetatu nyingine. Kwa hiyo kila upande na utajwe kwa pembe inayoelekeana nao, kabla ya namba yoyote kuandikwa.